Gharama ya mtoto mwenye ulemavu wa akili: Nani analipa?

Mzazi anapojaaliwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, neno la kwanza analoambiwa na Waislamu wenzake ni subira. Huambiwa kuwa huo ni mtihani kutoka kwa Mwenyezi Mungu (SW), kwamba hakuna nafsi inayobebeshwa isichokiweza, na kwamba malipo yake yako Akhera. Maneno hayo ni ya haki na hakuna Muislamu anayeweza kuyapinga. Ninachotaka kukizungumza hapa ni namna tunavyoyatumia. Nimekaa miaka kadhaa katika kamati ya zaka ya msikiti mmoja hapa Dar es Salaam, na nimeona, si mara moja wala mbili, neno subira likitumika kama mtu anavyofunga mlango kwa adabu. Mama amekuja na haja yake, ameombewa dua, amekumbushwa ujira wa wenye kusubiri, kisha amerudi nyumbani na haja ile ile. Hebu tujiulize: mtihani huo ni wa mama peke yake?

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Mgonjwa wa akili anaweza kuwa mtu aliyekuwa mzima, akaugua, akatibiwa na akapata nafuu. Ulemavu wa akili huanza utotoni, pale akili isipokua sambamba na umri, mtoto akachelewa kusema, kujifunza na kujihudumia. Wako ambao ulemavu wao ni mdogo, wanaosha vyombo, wanatumwa dukani na wanasimama safu ya swala kama sisi. Na wako ambao hata kijiko hawakiwezi, wana miaka 25 na bado wanavalishwa pampasi. Majina wanayoitwa mitaani kila mtu anayajua na sitayarudia. Watafiti hukadiria kuwa mtu mmoja katika kila 100 ana ulemavu huu, na katika nchi maskini idadi huwa kubwa zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Hata kwa mmoja tu katika mia, tunazungumzia zaidi ya watu laki sita. Msomaji ajiulize Ijumaa iliyopita aliwaona wangapi msikitini. Hawakuja kwa sababu wako ndani, na yuko mtu aliyebaki nao humo ndani.

Huyo aliyebaki ndani ndiye ninayemkusudia. Tuchukue mfano wa mama anayekaanga vitumbua asubuhi pale nje, anayepata faida ya shilingi 10,000 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi anapata 260,000. Kwa mwaka ni shilingi 3,120,000. Sasa amejifungua, mtoto akachelewa kulia, akapata degedege wiki ya kwanza, na baada ya mwaka mmoja ikadhihirika kuwa hakai wala hashiki. Jiko la vitumbua linazimwa, kwa kuwa mtoto huyu haachiki kwa jirani kama watoto wengine. Jirani anaogopa kifafa. Na wengine, tuseme ukweli, wanaogopa kuwa watoto wao wataambukizwa, jambo ambalo halina msingi wowote. Miaka 20 ya jiko lililozimwa ni shilingi 62,400,000. Hakuna ofisi yoyote iliyoandika kuwa fedha hizo zimetumika, kwa sababu hazikuwahi kupita katika mkono wa mtu. Lakini zimelipwa.

Na hapo hatujagusa matumizi yenyewe. Dawa za kifafa ni za kila siku na hazikubali kukatizwa. Sabuni na maji ni vya kila siku. Kliniki ya mazoezi ya viungo ni ya kila wiki, na daladala haimchukui kwa urahisi mama aliyempakata kijana wa miaka 12 ambaye miguu yake haikunji, hivyo ni bajaji kwenda na bajaji kurudi. Shule za msingi za serikali hazina ada, jambo la kushukuru, na zipo shule kama Sinza Maalum na vitengo maalumu katika baadhi ya shule za kawaida. Lakini shule isiyo na ada iliyo mbali na nyumbani kwa mtoto asiyeweza kupanda gari peke yake ina nauli nne kila siku, mbili za mtoto na mbili za anayempeleka, na hapo tumechukulia kuwa mama anashinda getini hadi jioni. Akirudi nyumbani na kumfuata tena, nauli zinakuwa sita. Wengi hupiga hesabu hiyo mara moja tu, kisha mtoto hubaki nyumbani.

Kuna gharama nyingine ambayo watu huisema kwa sauti ya chini. Baba huondoka. Si wote, na nawajua wanaume waliowabeba watoto wao mgongoni hadi walipozeeka. Lakini ni jambo la kawaida mno mama kuambiwa kuwa kwao ndiko kuna asili ya mambo hayo, halafu mume akaoa kwingine na matumizi yakawa ya kubahatisha. Hapa tunaingia katika kichekesho kinachoumiza. Orodha zetu za misaada zina wajane, mayatima na wazee. Mama huyu si mjane kwa kuwa mume yuko hai, yuko Mbagala na mke mwingine. Mtoto si yatima kwa kuwa baba yake anapumua. Basi jina lao halina pa kuandikwa.

Mataifa tajiri yamejaribu kuipiga hesabu hii. Januari 2004 kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, kilitoa makadirio kuwa watu wenye ulemavu wa akili waliozaliwa nchini humo mwaka 2000 watagharimu katika uhai wao wote dola bilioni 51.2, wastani wa dola milioni moja na zaidi kidogo kwa kila mtu. Ukiitazama hesabu hiyo kwa makini utagundua mambo mawili. La kwanza, sehemu kubwa ya fedha hizo si za hospitali wala za shule. Ni thamani ya kazi ambayo mtu huyo hatafanya. La pili, fedha zinazotoka mfukoni mwa familia hazikuingizwa.

Tulitafakari hilo la kwanza. Hesabu inamchukua mtoto huyu, inamweka kando yake mtu mwingine wa kudhaniwa, mzima na mwenye mshahara, kisha inamtoa huyu kwa yule, na tofauti inayobaki inaiita gharama. Yaani mtoto anadaiwa mshahara wa mtu ambaye hakuzaliwa. Sisemi kuwa waliopiga hesabu hiyo walikuwa na nia mbaya. Walitaka kuonyesha faida ya kinga, na kinga ni jambo jema: chumvi yenye madini joto, mkunga aliye macho usiku, tiba ya haraka kwa mchanga mwenye manjano, chanjo za magonjwa yanayoleta homa ya uti wa mgongo. Serikali ikitaka kupunguza gharama, ianzie kwenye wodi za wazazi, na hapo nitaiunga mkono kwa mikono miwili.

Lakini hesabu ya namna hii ina historia, na ni vizuri Waislamu waijue. Katika Ujerumani ya Hitler vitabu vya hisabati vya shule viliwataka wanafunzi wapige hesabu ya fedha zinazotumika kuwatunza wagonjwa na walemavu wa akili, na nyumba ngapi za wananchi zingejengwa kwa fedha hizo. Ulikuja mwaka 1939 ukaanza mpango uliopewa jina la T4. Hadi Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi, na baada ya hapo mauaji yakaendelea kwa sindano na kwa njaa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa madaktari na wauguzi, watu wenye vyeti.

Na tusidhani fikra hiyo ilizikwa na Hitler. Mwanafalsafa Peter Singer wa Australia, ambaye babu na bibi zake watatu waliangamia mikononi mwa Wanazi, aliandika mwaka 1979 katika kitabu chake Practical Ethics hoja ya kuwaruhusu wazazi kukatisha uhai wa mtoto mchanga mwenye ulemavu mkubwa. Hoja yake haisimami juu ya chuki. Inasimama juu ya msingi kwamba kinachompa mtu haki kamili ya kuishi ni kujitambua kwake, na asiyejitambua hana haki hiyo. Ukikubali msingi huo, mengine yanafuata yenyewe. Kwa hiyo inatupasa tuuangalie msingi wenyewe: je, ni akili ndiyo inayomfanya mtu awe na haki?

Mafakihi wetu walilijibu swali hili karne nyingi zilizopita, na walilijibu kwa utulivu, bila hata kujua kuwa kuna siku litaulizwa kwa ukali huu. Walisema mwanadamu ana sifa mbili za kisheria. Moja waliiita ahliyatul-wujub, yaani kustahiki haki na kuwa na mambo juu yako. Nyingine waliiita ahliyatul-adaa, yaani uwezo wa kutenda na kuwajibika kwa ulichotenda. Hii ya pili inahitaji akili, na ndiyo maana Mtume (SAW) alifundisha kuwa kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili mpaka azinduke. Ama ile ya kwanza, kila mwanadamu anayo kwa kuwa ni mwanadamu tu. Akili ni sharti la kubebeshwa dhima. Haijawa sharti la kuwa na hurma.

Matokeo ya msingi huo yanashangaza kwa namna yanavyoingia katika mambo ya fedha. Mtoto huyu anarithi fungu lake kamili kama ndugu zake. Anayemuua kwa makusudi, kwa kauli ya jamhuri ya wanazuoni, anastahiki kisasi, kama aliyemuua mtu mwenye akili timamu. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, mali yake ikifika kiwango inatolewa zaka, na walii wake ndiye anayeitoa. Wanazuoni wa Kihanafi wana rai tofauti katika hilo la zaka, lakini tazama kauli ya Kishafii inamaanisha nini: mtu asiyeandikiwa dhambi hata moja, asiyejua kesho ni siku gani, anahesabiwa kuwa tajiri ambaye masikini wana haki katika mali yake. Anahesabiwa miongoni mwa watoaji, sembuse kuitwa hasara!

Tuje kwenye Qur'an yenyewe. Katika Suratun-Nisaa (4:5) Mwenyezi Mungu anakataza kukabidhiwa mali wale wasio na uwezo wa kuiendesha, kisha anaamrisha walishwe na kuvishwa na wasemezwe maneno mazuri. Wafasiri walisimama katika mambo mawili ya lafudhi. Kwanza, mali hiyo inatajwa kuwa ni yenu, nyinyi jamii, japo wengi wa wafasiri wanaona kuwa ni ya hao wasioweza. Maana yake mali ya mnyonge ikipotea, kilichopotea ni cha umma mzima. Pili, na hili ndilo linalonivutia zaidi, aya haikusema walisheni kutokana nayo. Imesema walisheni ndani yake. Zamakhshari, na baada yake Ar-Razi, wameeleza kuwa maana yake ni kuifanya mali hiyo iwe chimbuko la riziki yao, iendeshwe na kufanyiwa biashara, ili wale faida na wasile mtaji. Aya tatu mbele, katika kuwapa jamaa na masikini waliohudhuria mgao wa mirathi, lafudhi ni ya kutoa kutokana nayo, kwa sababu wale wanapewa mara moja na kuondoka. Mwenye ulemavu wa akili haondoki. Atakula kesho, keshokutwa na miaka 40 ijayo.

Wengi wakisikia neno gharama wanafikiria fedha, nami nimeanza na vitumbua na nauli. Lakini kinachomla mama ni muda. Imam Muslim amepokea kwa Anas (RA) habari ya mwanamke wa Madina ambaye akilini mwake mlikuwa na kitu, aliyemjia Mtume (SAW) akasema ana haja naye. Mtume wa Mwenyezi Mungu, aliyekuwa kiongozi wa dola, kadhi na amiri wa majeshi, alimwita kwa heshima ya umama wake, akamwambia achague njia yoyote anayoitaka ya mji ili amtekelezee haja yake, akaenda naye pembeni mpaka akamaliza. Hatukuelezwa haja ilikuwa nini. Pengine haikuwa na kichwa wala miguu. Tulichoelezwa ni kwamba alipewa muda, na kwamba yeye ndiye aliyechagua mahali.

Hivyo basi kama muda una thamani, je, sheria yetu inaitambua thamani ya muda wa mama? Inaitambua, na hapa nadhani wengi watashangaa. Katika fiqhi ya Kishafii gharama za ulezi, hadhana, zimo katika mali ya mtoto mwenyewe. Akiwa hana mali, ziko juu ya anayewajibika kumlisha, naye ni baba. Mama aliyeachwa anaweza kudai ujira wa ulezi. Na wajibu wa baba kumlisha mtoto masikini asiyeweza kuchuma kwa sababu ya ulemavu au kukosa akili haukatiki kwa kubaleghe. Anaweza kuwa na ndevu na bado nafaka yake iko juu ya baba yake. Ni khutba ngapi umezisikia kuhusu utii wa mke, na ngapi kuhusu ujira wa hadhana? Sheikh anayetaka kumsaidia mama huyu aanze kwa kumwita yule bwana aliyeko Mbagala.

Baada ya familia inakuja dola. Bani Umayya wana mengi ya kulaumiwa nayo, lakini wanahistoria, akiwemo At-Tabari, wanaandika kuwa khalifa Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715, aliwapangia posho wenye ulemavu mkubwa ili wasiombe watu, akampa kila asiyeweza kutembea mtumishi na kila kipofu kiongozi. Tazama alichokielewa mtawala huyo wa karne ya nane: gharama si chakula cha mlemavu tu, ni mtu wa kukaa naye pia, na mtu huyo naye analipwa.

Sisi tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, yenye maneno mazuri ya haki na utu. Tunao utaratibu wa halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023 na ukarejeshwa mwaka 2024. Ni mpango mzuri kwa fundi cherehani mwenye ulemavu wa miguu. Kwa kijana asiyeweza kuhesabu hadi kumi haumfikii, kwani mkopo ni mkopo na marejesho yana tarehe. TASAF nayo inawalenga walio masikini sana, inafuata ufukara na si ulemavu, kwa hiyo familia inapaswa kwanza ifilisike ndipo ionekane. Na mwaka 2023, usajili wa bima ya Toto Afya kwa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa, wazazi walielekezwa wawasajili watoto kupitia shule. Mpango huo ulirejeshwa baadaye, lakini aliyefikiria njia ya shule hakumfikiria mtoto ambaye hakuna shule iliyompokea. Jirani zetu wa Kenya tangu mwaka 2011 wanazipa familia masikini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Hazitoshi na mara nyingi huchelewa. Hata hivyo ni kukiri kwamba kuna bili. Zanzibar ilikiri kitu kama hicho kwa wazee mwaka 2016 ilipoanza kuwapa pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi wote waliotimiza miaka 70, bila kuuliza nani alikuwa mwajiriwa na nani mkulima.

Mchumi wa serikali atasema uwezo haupo. Jibu langu ni kuwa uwezo unatumika kila siku, ila hautoki hazina. Kazi ya muuguzi, ya mwalimu na ya mlinzi wa usiku inafanywa na mwanamke mmoja bila mshahara, na bajeti inapendeza kwa sababu hayumo. Swali la kama taifa linamudu gharama hii limekwisha kujibiwa, kwani gharama inalipwa. Linalobaki ni la uadilifu, kwa nini imwangukie mtu mmoja.

Nisiishie kuilaumu serikali, maana sisi wenyewe tunayo zaka na tunaigawa kwa namna ambayo kitabu chetu wenyewe kinaihoji. Kila Ramadhani misikiti yetu inatoa kilo tano za mchele, sukari, mafuta, labda na shilingi 20,000. Msomaji aliyepita madrasa anakijua kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi. Katika mlango wa ugawaji wa zaka, kitabu cha asili alichokifupisha kinasema fakiri na masikini hupewa cha kuwatosha mwaka. Nawawi anaweka neno lake hapo, kwamba kauli iliyo sahihi zaidi, iliyonukuliwa kwa Shafii mwenyewe, ni kuwa hupewa cha kumtosha umri wa kawaida wa mtu, akanunuliwa mali isiyohamishika ambayo ataishi kwa pato lake. Ni fikra ile ile ya aya, kula faida na si mtaji. Masheikh wetu wamelisomesha hilo kwa miaka mingi, vijana wamelihifadhi, na wakati wa zaka tunapima mchele.

Najua jibu, nimelisikia kamatini: fedha ni kidogo na wenye shida ni wengi, ukimnunulia mmoja wengine watakosa. Hoja hii ina uzito. Wako masikini ambao mchele wa Ramadhani ndio futari yao, nao wana haki. Lakini masikini wengi wana mikono. Ukimkopesha mtaji atasimama, na mwakani pengine hatakuja. Huyu hana njia hiyo, na mama yake hana pia maadamu yuko naye. Kwake mchele wa mwezi mmoja haubadilishi chochote. Chumba kimoja cha kupangisha Chanika au Kivule, kikinunuliwa kwa jina la mtoto na kusimamiwa na watu waaminifu, kinaleta kodi kila mwezi. Msikiti hauwezi kuwanunulia 15 kwa mwaka. Unaweza kumnunulia mmoja katika miaka mitatu, na mahala ambapo misikiti mitano imeungana, hata zaidi. Wala haihitaji kusubiri BAKWATA wala taasisi nyingine yoyote.

Limebaki suala ambalo mama hawa huliuliza kuliko jingine lolote: nikifa? Hofu yao ina msingi. Mzee akifariki, mahakama ya mwanzo inamteua msimamizi wa mirathi, mara nyingi kaka mkubwa, nyumba inauzwa, na fungu la yule asiyeweza kuhesabu linakuwa la kwanza kupotea kwa kuwa ndiye asiyeuliza. Baadaye anazungushwa, miezi miwili kwa dada huyu na miezi mitatu kwa yule. Wazazi wengi wakitaka kumlinda huandika wasia kuwa nyumba ni yake. Wasia huo hausimami, kwa sababu mrithi hausiwi mali zaidi ya fungu lake ila warithi wengine wakiridhia, na wakiridhia leo wanaweza kukataa baada ya kifo.

Njia ipo, ila inapitika ukiwa hai. Kuwapa watoto kwa usawa ndio asili, lakini Ibn Qudama katika Al-Mughni ameeleza kuwa mzazi akimzidishia mmoja kwa sababu ya haja, kama maradhi yasiyopona au upofu, inajuzu. Basi mwenye nyumba ya vyumba sita anaweza kutoa viwili wakfu kwa matunzo ya mtoto huyu, na baada yake kwa masikini wenye hali kama yake. Aandike mbele ya mashahidi, aonyeshe mipaka, awaite watoto wengine wasikie kwa masikio yao, na hati aipitishe kwa mwanasheria ili mahakama isije kuikataa. Amtaje msimamizi, na ujira wa atakayemtunza mtoto uandikwe humo kwa kiwango, usiachwe kwenye hisani ya ndugu. Kisha ataje msimamizi wa pili na wa tatu, kwani yule wa kwanza huenda umri wake unalingana na wa mzee mwenyewe.